Kinachokula tanuri si moto peke yake

Kuanzia matofali ya Misunkumilo na malungu ya Ufipa hadi mitambo ya gesi ya Kinyerezi, hewa inayoizunguka kauri ndiyo huamua kama itadumu au italegea

MNUNUZI mzoefu wa matofali ya kuchoma Misunkumilo, kata mojawapo ya Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, hahitaji maabara. Huokota matofali mawili, huyagonganisha na kusikiliza. Mlio ukiwa mkali, tofali limeiva. Ukiwa wa kufifia, halijaiva, na mvua za kwanza zitalirudisha kuwa tope.

Kila tanuri linapobomolewa, hata hivyo, huwa kuna fungu jingine ambalo mnunuzi huliruka. Ni matofali yaliyokaa jirani kabisa na midomo ya kuingizia kuni. Hutoka meusi, yamepinda, mengine yameshikana mawili mawili, na usoni yana utando wa kioo kinachong'aa. Ukiuliza kulikoni, jibu la haraka ni kwamba yalipata moto kupita kiasi.

Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine imo katika gesi. Mdomoni mwa tanuri kuni ni nyingi na hewa ni haba, hivyo moshi wake umejaa kaboni monoksidi, gesi yenye njaa ya oksijeni. Oksijeni hiyo huinyang'anya popote inapoipata, hata ndani ya udongo wenyewe. Wekundu wa udongo wetu ni kutu ya chuma, yaani chuma kilichoshiba oksijeni. Kikipunguziwa oksijeni, chuma hicho hugeuka cheusi na kuanza kuungana na mchanga uliomo kwenye tofali. Muungano huo huyeyuka upesi. Majivu ya kuni nayo huongeza chumvi zinazozidi kulainisha uso wa tofali. Ndiyo maana udongo mwekundu unaochomwa ndani ya moshi mzito huweza kulegea nyuzi joto 50 hadi 100 kabla ya udongo huohuo uliochomwa penye hewa safi.

Kanuni hiyo iliyojificha katika fungu la matofali yaliyokataliwa ndiyo inayowasumbua wahandisi wa injini za ndege na wa mitambo ya kufua umeme. Kauri haipimwi kwa joto pekee. Hupimwa kwa joto, kwa gesi iliyoizunguka, na kwa nguvu ambayo gesi hiyo imebanwa.

Mvuke unaotafuta mlango

Gesi ya kwanza ambayo tofali hupambana nayo hutoka tumboni mwake. Hata tofali lililoanikwa kivulini kwa wiki kadhaa bado lina maji katika vinyweleo vyake. Maji yakigeuka mvuke kwenye nyuzi 100, ujazo wake huongezeka takriban mara 1,700. Moto ukipanda polepole, mvuke huo hupata muda wa kupenya na kutoka. Ukipanda kwa pupa, mvuke hunaswa ndani, na nguvu yake huongezeka kwa kasi kuliko joto lenyewe. Mvuke ulionaswa kwenye nyuzi 180 husukuma kwa nguvu karibu mara 10 ya hewa ya kawaida. Udongo hustahimili sana kukandamizwa, lakini hauvumilii kuvutwa kutoka ndani. Hupasuka.

Ndiyo sababu mchomaji anayeijua kazi yake huanza na moto mdogo, akautazama moshi mweupe unaotoka juu ya tanuri, na kuongeza kuni baada tu ya weupe ule kuisha. Ule haukuwa moshi wa kuni peke yake. Ulikuwa mvuke unaoaga.

Kati ya nyuzi 500 na 600 hutoka maji ya aina nyingine, yale yaliyofungwa ndani ya chembe zenyewe za udongo. Yakishatoka, udongo huo hauwezi tena kurudi kuwa tope hata ukilowekwa mwaka mzima. Katika eneo hilohilo la joto, kwenye nyuzi 573, chembe za mchanga aina ya kwatzi hubadili mpangilio wake na kuvimba ghafla kidogo. Tanuri likipoa na kupita tena nyuzi hizo, chembe husinyaa ghafla vilevile. Anayekimbilia kubomoa tanuri likiwa bado na joto kali, ili awahi gari la mteja, hulipia haraka hiyo kwa nyufa.

Malungu, na nguvu ya milimita 2 za maji

Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Mpanda na Ufipa zilikuwa mkoa mmoja, na ni Ufipa ndiko somo hili la udongo na gesi lilikofanyiwa kazi kwa ustadi mkubwa zaidi katika kanda hii.

Wafipa walifua chuma katika matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu. Ilungu moja lilisimama kiasi cha meta 3, pana chini na jembamba juu. Halikuwa na mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini yaliyotiwa mirija ya udongo, ikivutwa na gesi ya moto iliyokuwa ikipanda ndani ya tanuri. Mivukuto ilitumika baadaye, katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, ambamo chuma kilichopatikana kilisafishwa kabla ya kwenda kwa mhunzi.

Ukipiga hesabu ya uzito wa hewa baridi ya nje na wa gesi ya moto ya ndani, tofauti ya msukumo katika tanuri la meta 3 ni kama paskali 20 tu, sawa na uzito wa maji yenye kina cha milimita 2. Msukumo huo mdogo, ukiachwa ufanye kazi usiku na mchana, ulitosha kuufikisha mkaa kwenye joto la kutenganisha chuma na mawe.

Ndani ya ilungu, mkaa ulioungua kwa hewa chache ulitoa kaboni monoksidi. Gesi hiyo ilinyang'anya mawe ya chuma oksijeni yake. Uchafu wa mawe uliyeyuka kwenye nyuzi 1,200 hivi na kutiririka kuwa mavi ya chuma, ilhali chuma chenyewe, kinachohitaji nyuzi 1,538 ili kiyeyuke, kilibaki bonge. Fundi alihitaji joto la kuyeyusha uchafu bila kuyeyusha ukuta, na nafasi kati ya mambo hayo mawili ilikuwa finyu, kwa sababu gesi inayovua mawe oksijeni huuvua na ukuta. Chuma kilichomo katika udongo wa ukuta, kikishavuliwa hivyo, huungana na mchanga na kuyeyuka karibu na nyuzi 1,200 zilezile. Udongo mwekundu unaofaa kwa nyumba ya Misunkumilo ungekuwa msaliti ndani ya ilungu.

Ushahidi uko ardhini. Penye mabaki ya uhunzi wa kale, vipande vya mirija ya udongo huwa na ncha zilizoyeyuka na kuganda kama chupa. Wanaakiolojia huzisoma ncha hizo ili kujua joto lilifika wapi na hewa iliingiaje. Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitumia miaka kuchunguza uhunzi wa Ufipa na wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, na Randi Barndon wa Norway aliandika juu ya uhunzi wa Wafipa na Wapangwa. Huko Kagera, Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha mwaka 1978, katika jarida la Science, hoja kwamba Wahaya waliingiza mirija ndani kabisa ya tanuri ili hewa ipate moto kabla ya kuufikia mkaa. Wataalamu wengine wamebishana nao kuhusu kiasi cha joto kilichoongezeka kwa njia hiyo. Jambo moja halina ubishi: mirija ililipa gharama. Ncha zake ziliyeyuka, zikadondoka na kuchanganyika na mavi ya chuma.

Hapo pana fikra ya uhandisi inayostahili heshima. Wahunzi walikubali sehemu moja ya udongo iliwe ili nyingine isimame.

Risasi na dhahabu: kila chombo na adui yake

Reli inayotoka Kaliua na kuishia Mpanda, urefu wa takriban kilometa 210, ilikamilika mwaka 1950. Ilijengwa hasa kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda, ambayo yaliambatana na shaba, fedha na dhahabu. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ilibaki, mji ukakua, na leo wachimbaji wadogo wa Katavi wanahangaika na dhahabu.

Risasi ni kielelezo kizuri cha hoja yetu. Yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, joto ambalo chungu chochote hulimudu. Lakini ikiunguzwa penye hewa hugeuka unga wa manjano, na unga huo ukiyeyuka hula mchanga wa udongo na kuufanya kioo. Chungu cha kawaida hutoboka huku joto lake likiwa bado chini sana ya lile ambalo lingeuyeyusha udongo wake. Risasi haijaongezewa joto, imeongezewa oksijeni.

Wapimaji wa dhahabu wameigeuza tabia hiyo kuwa kifaa. Katika maabara, sampuli ya mawe huyeyushwa pamoja na risasi, ambayo hukusanya dhahabu yote. Donge linalopatikana huwekwa katika kikombe kilichotengenezwa kwa majivu ya mifupa au magnesia, vitu ambavyo risasi iliyoungua haivili. Badala ya kukitoboa, hunyonywa nacho. Linalobaki juu ni shanga ndogo ya dhahabu na fedha.

Dhahabu yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 1,064, na vyungu vyeusi ambavyo mafundi wengi huyeyushia vimechanganywa grafiti na udongo. Grafiti haibabaiki kwa joto hilo. Adui yake ni oksijeni, ambayo huiunguza polepole kama inavyounguza mkaa. Kwa hiyo watengenezaji hukipaka chungu ngozi nyembamba ambayo hulainika kwenye moto na kuziba vinyweleo, hewa isipite. Chungu kilichobanduka ngozi hiyo huzeeka haraka. Kilichohifadhiwa penye unyevu na kutiwa motoni ghafla huweza kupasuka, kwa sababu ileile ya mvuke ulionaswa katika tofali. Na boraksi, ambayo hulainisha uchafu ili dhahabu itengane, ikizidi hugeukia ukuta wa chungu chenyewe.

Kauri inayopanda bodaboda

Kauri iliyo karibu zaidi na maisha ya kila siku ya Mpanda pengine ni ile nyeupe iliyo kwenye plagi ya pikipiki. Ni alumina, kitu kisichoyeyuka mpaka nyuzi 2,072. Ndani ya silinda, mwako wa petroli hupita nyuzi 2,000 kwa kitambo kifupi, na gesi husukuma kwa nguvu ya mara 40 hadi 60 ya hewa ya kawaida. Injini inayozunguka mara 5,000 kwa dakika huipiga plagi yake moto mara 2,500 katika dakika hiyohiyo. Wakati huohuo kauri lazima izuie umeme wa maelfu ya volti usivuje.

Ncha ya plagi ina eneo lake la raha, kati ya nyuzi 500 na 850 hivi. Ikiwa baridi kuliko hapo, masizi hugandamana na umeme hupitia humo badala ya kuruka. Ikiwa ya moto kupita hapo, huwasha petroli kabla ya wakati. Fundi anayeivua plagi na kuitazama rangi anasoma hali ya gesi: nyeusi yenye masizi ni dalili ya petroli kuzidi hewa, nyeupe iliyokauka, hewa imezidi petroli au injini inachemka. Msomaji wa tofali na msomaji wa plagi wanasoma kitabu kimoja.

Mapanga yanayozungushwa na moto

Kwa miaka mingi Mpanda iliwashwa na jenereta za dizeli za TANESCO, mbali na gridi ya taifa. Njia ya msongo wa kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga ilibuniwa ili kuondoa upweke huo. Katika gridi hiyo, umeme wa maji huchanganyika na ule unaofuliwa kwa gesi asilia. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ikaanza kufua umeme Ubungo mwaka 2004. Baadaye ikajengwa mitambo ya Kinyerezi.

Mtambo wa gesi hufanya kazi kinyume cha ilungu. Hausubiri hewa ivutwe. Huibana mara 15 hadi 30 kutegemea aina, kisha hutia gesi na kuiwasha. Moto uliobanwa hivyo hupiga mapanga ya turbini na kuyazungusha. Katika mitambo ya kisasa, gesi huifikia safu ya kwanza ya mapanga ikiwa na nyuzi 1,200 hadi 1,500. Mapanga hayo ni aloi ya nikeli, ambayo huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 1,300 na hupoteza nguvu mapema zaidi.

Hayayeyuki kwa sababu mbili. Ya kwanza, yana mifereji ndani inayopitisha hewa ya kuyapoza. Ya pili, yamevishwa mpako wa kauri iitwayo zirkonia, wenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita hadi nusu milimita. Mpako huo hupunguza joto la chuma kwa nyuzi 100 hadi 150.

Zirkonia tupu isingefaa. Ikipoa na kufikia nyuzi 1,000 hivi hubadili umbo na kuvimba kwa asilimia 4 hadi 5, ikajipasua yenyewe. Ni kisa cha kwatzi ya tofali, ila kikali zaidi. Wahandisi hutia oksidi ya itriamu kiasi cha asilimia 7 kwa uzito, na tabia hiyo hudhibitiwa.

Kisha lipo tatizo la ndoa ya kauri na chuma. Anayemiliki jiko la mkaa lenye udongo ndani na bati nje, aina iliyoenea kutoka Kenya tangu miaka ya 1980, analijua: bati hutanuka kuliko udongo, na bila tabaka la kati la kuvishikanisha, udongo huachia na kupasuka. Kwenye panga la turbini, tabaka hilo la kati ni la metali yenye alumini. Linapopata oksijeni hujitengenezea utando wa alumina, kauri ileile ya plagi, nao huzuia oksijeni isiendelee kuingia. Utando huo hunenepa mwaka hadi mwaka. Ukinenepa mno, mpako hubanduka vipande vipande. Kwa hiyo mtambo unaowashwa na kuzimwa mara kwa mara huuchosha mpako wake kuliko unaokwenda mfululizo, ingawa joto la juu kabisa ni lilelile.

Vumbi nalo lina neno lake. Likiingia na hewa na kufika nyuzi 1,200 na kidogo, huyeyuka na kujipenyeza katika vinyweleo vya mpako. Likiganda, mpako hupoteza ulaini wa kutanuka na kusinyaa. Ni utando ule wa kioo wa matofali ya mdomoni, umehamia kwenye mtambo wa mabilioni ya shilingi.

Mvuke wageuka mwizi

Wahandisi waliotaka kuongeza joto zaidi walifikiria kuacha nikeli na kutengeneza vipuri kwa kauri tupu, hasa kabidi ya silikoni. Ni nyepesi, ni ngumu, na hustahimili joto kuliko aloi yoyote ya nikeli. Katika hewa kavu hujilinda yenyewe: uso wake huungua kidogo na kuwa silika, kioo kinachoziba njia ya oksijeni.

Katika miaka ya 1990, watafiti wa NASA nchini Marekani walionyesha kwa undani udhaifu wake. Moshi wa mtambo wowote unaounguza gesi au mafuta una maji mengi; kila molekuli ya methani ikiungua huzaa molekuli mbili za maji. Mvuke huo ukiwa moto na umebanwa, huungana na silika na kuigeuza gesi, ambayo hupeperuka na upepo wa mtambo. Kabidi hutengeneza ngozi mpya, nayo huibwa. Kipuri hukonda bila kuyeyuka, bila kupasuka, kikiwa mbali kabisa na kikomo chake cha joto. Kadiri mgandamizo wa mvuke unavyopanda, ndivyo wizi unavyoongezeka. Jaribio la tanuri la kawaida, lisilobana hewa wala kupuliza mvuke, lingekipa kipuri hicho alama za juu.

Dawa ilikuwa kuivika kauri hiyo kauri nyingine, mipako ya silikati za metali adimu kama itabiamu, ambazo mvuke huzila polepole zaidi. Leo injini za ndege za LEAP, zilizoanza kubeba abiria mwaka 2016, zina vipande vya kabidi ya silikoni vinavyoizunguka safu ya kwanza ya mapanga ya turbini yake yenye mgandamizo mkubwa. Boeing 737 MAX 9 za Air Tanzania, ambazo ya kwanza ilipokelewa Oktoba 2023, zinaruka kwa injini za familia hiyo.

Maswali matatu kabla ya kununua

Kwa fundi wa Katavi somo hili lina faida ya mkononi. Anayejenga tanuri la mikate, la kuyeyushia alumini au la kupimia dhahabu huuliza duka swali moja: tofali hili linastahimili nyuzi ngapi? Namba atakayopewa mara nyingi imepatikana katika hewa safi ya maabara, kwa kupashwa polepole.

Aongeze mawili. Litazungukwa na gesi gani: hewa, moshi wa mkaa, mvuke, au mvuke wa risasi? Na litapashwa na kupozwa mara ngapi kwa wiki? Tanuri la mkaa lahitaji udongo mweupe wenye chuma kidogo, wa jamii ya kaolini kama ile ya Pugu, Kisarawe, hata kama udongo mwekundu wa jirani unapatikana bure. Tanuri linalowashwa asubuhi na kuzimwa jioni lahitaji tofali linalovumilia kubadilishwa joto, hata kama kikomo chake kilichoandikwa ni kidogo kuliko cha jingine. Ujenzi mpya wowote uanikwe, kisha upashwe kwa moto mdogo mpaka mvuke wake uishe.

Na anayebomoa tanuri Misunkumilo wiki hii asiyatupe kando matofali meusi ya mdomoni kabla ya kuyakagua. Yakiwa mengi kuliko ya mara iliyopita, na kuni ni zilezile, basi hewa haiingii vya kutosha. Apanue midomo kabla ya kununua kuni zaidi.